Keki ya Samaki kwa Karamu ya Watoto



Desturi ya kumfanyia mtoto keki siku ya kukumbuka kuzaliwa kwake imeenea hata vijijini, wala mimi siioni kuwa mbaya. Mtoto hufurahi kujua kwamba siku moja katika mwaka chakula kimepikwa kwa ajili yake. Lakini limezuka jambo la kusikitisha. Watu wameona mjini keki zilizofanywa mfano wa motokaa, au nyumba, au mnyama, na sasa baba mwenye mshahara mdogo huona haya kuwaalika watoto pasipo kitu cha namna ile. Mwalimu mmoja ninayemfahamu alikopa fedha kwa ajili ya keki. Ikaliwa kwa nusu saa, na deni likakaa hata muhula wa pili, na sare za mtoto yule yule aliyefanyiwa karamu zikachelewa kununuliwa. Mwingine alikataza karamu kabisa, na mwanawe akaacha kwenda kwa wenzake, kwa kuwa hana la kuwarudishia. Katika nyumba hizo mbili sijui ni ipi iliyopata hasara zaidi.

Basi leo nataka kuwaonyesha akina mama, na akina baba wasioogopa kushika mwiko, kwamba umbo la keki hutoka katika kisu, si katika chombo cha bei kubwa. Sufuria moja ya duara yatosha kupata samaki.

Twaa siagi robo tatu ya kikombe na sukari kikombe kimoja, uzipige pamoja hata ziwe laini na nyeupe. Hapa usifanye haraka, maana hewa iingiayo sasa ndiyo itakayosaidia kuinua keki. Tia mayai 4, moja baada ya jingine. Kisha chekecha unga wa ngano vikombe 2 pamoja na vijiko vidogo 2 vya poda ya kuumulia keki (si hamira ya mikate), utie pamoja na maziwa nusu kikombe na iliki kidogo iliyotwangwa. Unga ukiisha kuingia, koroga kwa uchache tu; ukizidisha, keki itakuwa ngumu.

Asiye na tanuri asihuzunike. Weka mchanga safi mkavu katika sufuria kubwa, kimo cha vidole viwili, uupashe moto dakika 10. Ndani yake weka sufuria ndogo yenye keki, iliyopakwa siagi na kunyunyiziwa unga, ufunike kwa kifuniko bapa cha chuma na kupalia makaa juu. Moto wa juu uzidi wa chini. Mwanamke ajuaye kupalia wali anaijua kazi hii tayari. Usifunue kabla ya dakika 30. Zikipata kama 45, choma katikati kwa njiti ya ukuti, na ikitoka kavu keki imeiva. Tena, kazi hii ifanyike nje, au mahali penye hewa nyingi, maana mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo imekwisha kuua watu waliofunga milango.

Oka jioni, ukate asubuhi, kwa kuwa keki yenye joto humomonyoka. Kata kipande cha pembe tatu, kiasi cha sehemu moja ya sita ya duara, ncha yake ikome katikati. Pengo lililobaki ndilo kinywa. Kipande chenyewe kipeleke upande wa pili, ncha iguse mwili na upana uelekee nje: huo ndio mkia. Hakuna kilichotupwa.

Samaki huyu mnene ni sato. Asije mtu akawaambia watoto wa kando ya ziwa kwamba ni kambare. Watamcheka, kwa sababu kambare hana magamba, na wetu atakuwa nayo. Changanya siagi kipimo kimoja na sukari ya unga vipimo viwili, na manjano chembe tu ya kutia rangi, upake mwili wote. Kisha bonyeza ncha ya kijiko safu kwa safu, kuanzia mkiani, na alama zile ndizo magamba. Jicho ni zabibu kavu moja. Weka kivulini, maana jua la saa sita huyeyusha magamba yote.

Wengine hupenda kupamba kwa karanga au peremende ngumu. Wakiwapo watoto wa chini ya miaka 5 viache kabisa, kwa kuwa huweza kuwapalia na kuziba pumzi. Na kwa watoto wengine karanga ni sumu hata wakiwa wakubwa, basi waulize wazazi wao kwanza.

Wakati wa kugawa, usikate kama mkate wa mviringo, bali kata miraba midogo, ndipo sufuria moja itakapowatosha wengi. Wadogo waanze na mkia, ambao hugombewa siku zote. Kipande chenye jicho apewe mwenye sikukuu.