Daftari la wiki: Unga gani, mafuta gani

Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, mgeni asiyekula gluteni hasumbuliwi na chakula cha mchana. Wali wa nazi, muhogo, ndizi na samaki wa kupaka kwa asili havina ngano. Taabu huanza kwenye vitafunio. Gluteni imo ndani ya ngano, shayiri na rai, na ngano ndiyo chapati, mandazi, sambusa, kaimati na tambi. Kwa mwenye ugonjwa wa siliaki, kiasi kidogo tu hudhuru utumbo: kanuni za kimataifa za chakula za Codex hukiita chakula kisicho na gluteni pale tu kinapokuwa na miligramu zisizozidi 20 za gluteni kwa kilo.

Vitumbua na mkate wa kumimina hutengenezwa kwa mchele uliorowekwa, ukasagwa na kutiwa tui, hamira na iliki. Hapo mgeni hudhani amefika, kumbe wapo wapishi wanaoongeza kijiko cha ngano ili mchanganyiko ushikane. Supu ya urojo nayo, uzito wake kwa kawaida ni wa ngano, ingawa wengine hutumia unga wa dengu. Bakuli la kibanda hiki laweza kufaa na la jirani yake lisifae.

Namna ya kuuliza ina uzito kuliko orodha yoyote ya mikahawa. “Kina gluteni?” hujibiwa “hamna tabu”, na hilo ni jibu la ukarimu, si la jikoni. “Umetia unga gani?” halijibiki hivyo, lazima unga utajwe. La pili ni karai: “Mafuta haya yamekaanga nini leo?” Bhajia za dengu zilizofuata mandazi hazifai tena, kwani moto wa mafuta hauondoi gluteni. Kwa hiyo asubuhi mapema, mafuta yakiwa mapya, ni wakati mzuri kuliko jioni. Pale kwenye bustani ya Forodhani, pweza na mishkaki hufaa zaidi kwenye meza isiyosukuma pizza ya Kizanzibari, maana unga hupeperuka na mikono ya mpishi ni ileile.

Kinachosahaulika kabisa ni mvuje, kiungo cha majiko ya Kihindi. Ule wa unga uliofungwa kwenye kopo mara nyingi huchanganywa na ngano, nao huingia kwenye bhajia na mchuzi wa dengu bila mpishi kuuhesabu kuwa unga. Hapo huombwa kopo lenyewe, viungo vimeandikwa ubavuni.