WAO WATUPIGE PICHA, SISI TUKIWAPIGA NI KOSA?

Ndugu msomaji, wiki hii siandiki juu ya ruzuku wala juu ya nani kahama chama gani. Naandika juu ya kamera. Usifungue ukurasa wa mpira kwanza, nivumilie, maana kamera hii imenifunza jambo ambalo hotuba kumi za jukwaani hazijanifunza.

Mimi ni mpiga picha. Harusi, ubatizo, mahafali, misiba, picha za pasipoti za wanaoomba kazi zisizokuwepo: hayo ndiyo yanayonipa ugali. Nilianza na Zenit, kamera ya Kirusi, nzito kama tofali la kuchoma. Filamu moja picha 36, na kila picha ni hela. Bwana harusi akifumba macho, utajua baada ya wiki mbili. Sisi tuliokuwa Mpanda, filamu ya rangi ilipanda treni hadi Tabora kusafishwa. Wakati mwingine ilirudi imeungua, wakati mwingine haikurudi kabisa, na baba wa bibi harusi alikuwa anakusubiri mlangoni na fimbo.

Baadaye tukaingia kwenye dijitali, lakini zilikuwa za mtumba, zilizokwisha kuchoshwa na wenzetu huko zilikotoka. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza maishani, nimefungua boksi la kamera mpya. Ni hizi za kisasa zinazoitwa mirolesi. Shilingi milioni 2.4, jasho la misimu miwili ya harusi. Mke wangu aliuliza kama inapika.

Nikaenda kuijaribia Kasansa, nilikoitwa kupiga harusi. Kwa wenzangu wa Kinondoni na Manzese wanaodhani nchi inaishia Kibaha: Kasansa ni kata ya Halmashauri ya Mpimbwe, wilaya ya Mlele, mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Ukitoka Mpanda unapita Sitalike, unakatiza Hifadhi ya Katavi ukiomba tembo asikae barabarani, unafika Kibaoni, kisha unaingia ndani ya Mpimbwe. Ni bonde la Ziwa Rukwa. Joto lake halina mzaha, na kilimo chake ni mpunga.

Sasa kamera. Jambo la kwanza nililoliona ni wepesi. Zile za zamani zina kioo ndani kinachoruka kila unapobofya, ndiyo ule mlio wa "klak". Hii haina kioo. Ukiiweka kwenye hali ya kimya hailii hata kidogo. Mara ya kwanza nilidhani haipigi, nikabofya tena na tena, kumbe nimeshajaza picha 40 za kuku.

La pili, unachokiona kwenye dirisha lake ndicho utakachokipata. Kukiwa na mwanga mwingi mno unaona kabla hujabofya. La tatu, inalitafuta jicho la mtu yenyewe na kulifuata kokote linakokwenda. Mtoto akikimbia, inamfuata. La nne, usiku. Ngoma ya harusi ilipigwa chini ya taa moja ya sola, nikapata sura za watu bila flashi. Kwa Zenit ningerudi na picha za mkaa.

Maudhi nayo yapo, nisije nikaonekana wakala. Betri inakwisha haraka, hivyo bila betri ya akiba mtu asiende shamba nayo. Vumbi likiingia wakati unabadilisha lenzi, linakaa mbele ya kioo cha kunasia picha na kila picha inatoka na doa. Menyu yake ina lugha kibao, Kiswahili hakimo. Na ukiiachia ijiamulie yenyewe, ukimweka mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, inaushughulikia ukuta na kumwacha mtu gizani.

Hilo la mwisho lina historia yake. Kwa miaka mingi maabara za picha duniani zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mzungu. Wakaiita "Shirley", jina la mmoja wa wanawake hao. Shirley akitoka vizuri, mashine iko sawa. Wewe na mimi tukitoka kama vivuli, ni shauri yetu. Ukitaka kujua chombo kimetengenezwa kwa ajili ya nani, tazama kinamwona nani kwanza. Hii si siasa, ni ufundi. Lakini wenye akili wameshanielewa.

Asubuhi ya harusi nilimpiga picha bibi mmoja aliyekuwa anapepeta mpunga. Nikamwamkia shikamoo, nikaomba ruhusa, akacheka, nikabofya. Kisha nikamgeuzia kioo cha nyuma ajione. Akakaa kimya muda mrefu.

"Mwanangu, huyu ni mama yangu kabisa," akasema. "Sikujua kama nimefanana naye hivi."

Halafu akaongeza neno ambalo ndilo lililoniandikisha makala hii. Akasema wale wa kadi ya kura walipompiga walimkataza kucheka, na wale wa kitambulisho nao walimkataza. "Wewe ndiye wa kwanza kunipiga nikicheka, na ndiye wa kwanza kuniuliza kama nimeipenda."

Ndugu msomaji, lipime neno la bibi huyo. Mwaka 2015 Tume ya Uchaguzi iliandikisha wapiga kura kwa mashine za BVR: alama za vidole, sura, kila kitu. Zaidi ya watu milioni 22 waliandikishwa. Vitambulisho vya taifa navyo ni vilevile, kaa hapa, tazama mbele, usitabasamu. Laini ya simu nayo ni kidole. Dola hii ina sura yako na yangu, na hatujawahi kuikatalia.

Swali langu ni moja tu. Mbona sisi tukielekeza kamera upande wao inakuwa nongwa?

Safari ya kurudi, mahali ambapo sitapataja, nilipita penye jengo moja la umma. Watu walikuwa wamepanga foleni juani tangu alfajiri, kina mama na watoto mgongoni, na dirisha limefungwa. Nikapiga picha moja. Akatokea bwana mmoja mwenye kofia na kitambi.

"Wee kijana, nani kakupa kibali? Futa hiyo!"

Nikamwuliza kwa adabu, "Samahani mzee, ni sheria gani inayokataza?" Hakunitajia sheria. Alinitajia cheo chake. Nikafuta mbele yake, akaridhika, akarudi kivulini. Foleni ikabaki juani. Bwana yule hakuwa na neno na foleni. Alikuwa na neno na picha ya foleni.

Huo ndio ugonjwa wenyewe, na haukuanzia kwake. Januari 2016 serikali ilitangaza kwamba TBC haitarusha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja, sababu ikatajwa kuwa gharama. Ajabu! Fedha za kuwalipa posho waheshimiwa zilikuwepo, za kuwaonyesha wakisinzia ndizo zilizokosekana. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni: kijana mwenye blogu yake au televisheni yake ya mtandaoni akatakiwa kukata leseni, kwa ada ya shilingi milioni 1 kwa mwaka. Kijana gani wa Kasansa, au hata wa Tandale, aliyekuwa na milioni ya kununua ruhusa ya kuonyesha alichokiona?

Tukumbuke Nyololo, Mufindi. Septemba 2, 2012, Chadema walikuwa wanafungua tawi. Daudi Mwangosi wa Channel Ten, mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa Iringa, alikuwa kazini. Aliuawa akiwa mikononi mwa polisi. Mwenzake alikuwa na kamera, na picha ya Mwangosi akiwa chini, amezungukwa na askari, ilichapishwa gazetini, nchi nzima ikaona. Julai 2016 askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Askari mmoja! Waliomzunguka pale picha inao mpaka leo.

Na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Iliporudi, ujumbe wa Polisi uliingia kwenye simu za watu ukionya juu ya kusambaza picha na video za kuzua taharuki. Taharuki! Mtoto wa mtu amelala barabarani, kosa ni la aliyepiga picha? Hata hivyo video zilitoka. BBC na CNN walizichambua moja moja, mtaa kwa mtaa, dunia ikajua. Zilipigwa na vijana wa kawaida, wengi kwa simu za mkononi.

Nitende haki. Kamera haina ruhusa ya kila kitu. Kambi za jeshi na maeneo yaliyolindwa kisheria, acha, sheria iko wazi. Mgonjwa kitandani, maiti kabla ndugu hawajajua, mtoto aliyedhulumiwa, heshimu. Mwananchi mnyonge ana haki ya kusema "usinipige", na mpiga picha mstaarabu anashusha kamera. Wapo pia wenzetu wanaotengeneza uongo kwa kompyuta na kutuharibia wote. Lakini foleni juani, barabara iliyooza, daraja lililokatika, dawati la watoto sita, mkutano wa hadhara, hayo si siri ya nchi. Hayo ni mali ya umma. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Haikusema "isipokuwa bwana mwenye kofia akikasirika".

Sasa, vijana wa kijiweni, naomba niwaachie mambo ya kazi, si porojo.

Kwanza, picha ya dijitali inabeba tarehe na saa ndani yake, maandishi yasiyoonekana juu ya picha. Huo ni ushahidi. Kwa hiyo rekebisha saa ya kamera au simu yako leo. Saa ikikosea, wakili wa upande wa pili ataanzia hapo.

Pili, tunza picha ile ya kwanza kama ilivyotoka. Usiikate, usiipake rangi, usiiandike juu. Ukitaka kuirembesha, rembesha nakala. Zama hizi ambapo kompyuta inaweza kuzua mtu asiyekuwepo, picha ya asili ndiyo negativu yetu.

Tatu, ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, inapunguzwa ubora na yale maandishi ya ndani yanaondolewa. Ukiituma kama faili, inafika ilivyo. Ila jihadhari: maandishi hayo yanaweza pia kusema ulikuwa wapi. Mjue unayemtumia.

Nne, weka nakala mahali pawili. Memori kadi ni ndogo kuliko ukucha, na mfuko wa polisi ni mkubwa.

Kodak ndiko mhandisi wao, Steven Sasson, alikotengeneza kamera ya kwanza ya dijitali mwaka 1975. Ilichukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwenye kanda ya kaseti. Wakubwa wa kampuni waliona chombo hiki kitaua biashara yao ya filamu, wakasitasita kukipa nafasi. Januari 2012 Kodak ikaenda mahakamani kuomba kinga ya mufilisi. Walikuwa na dawa mikononi, wakaiogopa kwa sababu ingewabadilisha.

Nawatahadharisha wenye nchi yao: kamera haizuiliki. Ilikuwa tofali, ikawa kiganja, sasa iko mfukoni mwa muuza karanga. Badala ya kufukuzana nayo, fungueni dirisha foleni iishe, tutapiga picha ya dirisha lililo wazi na kuwasifu. Asiyeficha kitu haogopi kioo.

Picha ya bibi wa Kasansa niliisafisha Mpanda, nikampelekea kwa basi, saizi kubwa, anacheka. Wamenipigia simu kwamba ameitundika sebuleni, juu ya ile ya kalenda.

Na ile picha ya foleni? Bwana mwenye kofia hakuambiwa kwamba picha iliyofutwa haiondoki kwenye kadi mpaka ipigwe nyingine juu yake. Nilizima kamera, nikatoa kadi, sikubofya tena mpaka nyumbani. Usiku ule programu ya kurudisha mafaili iliirudisha nzima: kina mama, watoto mgongoni, jua, dirisha lililofungwa.

Ninayo. Nakala mbili.