Friji Mnalisingizia

Katika nyumba za kupanga za Dar es Salaam, kesi ya umeme huwa na mshitakiwa mmoja. Uniti zikikata kabla ya siku iliyotegemewa, hakuna anayeuliza nani alipiga pasi nguo za familia nzima Jumapili, wala nani anayeoga maji ya moto alfajiri. Macho yote hugeukia chumba cha mwenye friji. Nimewahi kukaa nyumba ya namna hiyo, vyumba sita na mita moja ya LUKU, na mwenye friji nilikuwa mimi. Mchango wa umeme ukipita, natoa mara mbili ya wenzangu. Bado mama mwenye nyumba akanifuata jioni moja, kwa upole wake wote: "Mwanangu, ukienda kulala uwe unalizima. Usiku wote huo nani anakunywa maji baridi?"

Nikawa nalizima. Nilifanya hivyo karibu mwaka mzima, zaidi kwa kumheshimu mama yule kuliko kwa kuamini. Leo naona nilimheshimu vibaya. Ilinipasa nikae naye barazani na kalamu.

Imani yenyewe mnaijua: friji ndilo linalomaliza umeme, na dawa yake ni kulizima usiku. Wengine huita kulipumzisha, kana kwamba ni ng'ombe wa jembe. Friji zima hujipumzisha lenyewe mchana na usiku. Ndani likishafikia ubaridi uliouweka, kompresa inazima. Joto likipanda kidogo, inawaka tena. Ule mngurumo unaokukera usiku ni zamu tu, na baada ya zamu hufuata kimya ambacho hukisikii kwa sababu ndipo unapopata usingizi. Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Wanasoma kibati cha nyuma, wanaona wati 120, wanazidisha kwa saa 24 na kupata karibu uniti tatu kwa siku, kisha wanashika kichwa. Lakini kompresa haikeshi ikifanya kazi saa zote hizo.

Friji langu, la kawaida tu la chumba kimoja na familia ndogo, linakula uniti 0.8 kwa siku. Kwa tarifa ya kawaida ya T1, uniti ni shilingi 292, na ukiweka VAT ya asilimia 18, tozo ya asilimia 3 ya REA na ya asilimia 1 ya EWURA, inafika kama shilingi 356. Kwa hiyo siku nzima ya friji ni shilingi 285 hivi. Sasa lizime saa nane za usiku, theluthi moja ya siku. Hata tukiupendelea upande wa mashitaka, tukajifanya kwamba asubuhi friji litaendelea kana kwamba halikuzimwa, umeokoa shilingi 95.

Hizo 95 zenyewe huzipati. Joto halilali. Linapenya kwenye kuta za friji na kwenye mpira wa mlango usiku kucha, na ukiwasha asubuhi kompresa inakimbia bila kupumzika ili ilitoe lote. Unachookoa kweli ni kile kidogo tu cha joto ambalo halikuingia kwa kuwa ndani kulishaanza kufanana na nje. Soma tena sentensi hiyo. Akiba yako yote imetokana na chakula chako kupata joto. Kama hakijapata joto, hujaokoa hata senti. Na kadiri ulivyookoa zaidi, ndivyo samaki wako alivyozidi kuelekea kuoza. Wataalamu wa chakula hutaka chakula kibichi na kilichopikwa kikae chini ya nyuzi 5, kwa sababu kati ya hapo na nyuzi 60 vijidudu huzaliana kwa raha zao. Lita moja ya maziwa ikichachuka, shilingi elfu mbili zimekwenda. Gawanya kwa 95: usiku ishirini wa kuzima na kuwasha umeishia kwenye karo la jikoni.

Basi umeme unakwenda wapi? Unakwenda kwenye kupasha moto. Wahenga waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakuiona pasi ya umeme, ila wangeiona wangecheka. Na zaidi ya pasi kuna ile hita ya kuchovya kwenye ndoo, kipenzi cha wapangaji na wanafunzi. Maji lita 20 kuyatoa nyuzi 25 hadi 45 yanakula karibu nusu uniti. Ndoo moja, mtu mmoja, dakika chache bafuni: sawa na friji langu saa kumi na nne. Jirani yangu aliyeongoza mashitaka alikuwa akioga maji ya moto asubuhi na jioni, yeye na mumewe. Hita haingurumi, ndiyo maana haina kesi.

Kuna pia hofu nyingine, kwamba ukinunua friji tu utatolewa kwenye D1, ile tarifa ya wenye matumizi madogo ambako uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi, mradi usizidi uniti 75 kwa mwezi. Tuhesabu. Taa tano za LED za wati 9, saa tano kila usiku: uniti 7. Televisheni ya wati 60, saa sita: 11. Feni ya wati hizo hizo, saa nane: 14. Simu, tuseme 1. Friji, 24. Jumla 57. Ongeza pasi ya kiasi, uniti 8, umefika 65, na bado uko ndani. Ongeza ndoo moja ya maji ya moto kila siku, uniti 14, umefika 79 na umetoka. Kila uniti ya juu ya 75 unailipia shilingi 350 badala ya 100. Aliyekutoa ni nani? Friji ndani ya D1 halikugharimu hata shilingi elfu tatu kwa mwezi.

Sisemi kila friji ni malaika. Lipo la mtumba lililoletwa kutoka Ulaya, ambalo kwenye kibati chake kuna herufi N au SN, maana yake lilitengenezwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 32. Lipeleke kwenye jiko la Mbagala mwezi wa pili, ulibane ukutani kando ya jiko la mkaa, mpira wa mlango umepasuka, barafu imejaa kwenye friza kama ukuta: hilo litakula uniti mbili na litanguruma hadi kuche. Lenye herufi T linavumilia hadi nyuzi 43. Tazama herufi hiyo kabla ya kutazama rangi. Bana noti mlangoni. Ikichomoka kirahisi, badili mpira. Na anayegandisha barafu za kuuza naye achangie zaidi, hiyo ni haki, kwani kila lita kumi za maji zinazoganda hula karibu uniti moja. Huyo ni mfanyabiashara, na faida yake anaijua.

Ila mpangaji mwenye friji la maji ya kunywa na mboga ya kesho, msimtoze mara mbili kwa sababu ya sauti. Mnaobisha, isomeni mita kabla ya kulala, kila kitu kimezimwa isipokuwa friji, kisha isomeni tena mkiamka. Mimi jana saa nne usiku yangu ilisoma uniti 41.6. Saa kumi na mbili asubuhi ilisoma 41.3, na maziwa yalikuwa baridi.