Baiskeli ya Umeme Yataka Fundi

Anayezipanda njia za Kilema, wilayani Moshi, kwa baiskeli ya kawaida hashindi kushuka na kuisukuma. Vihamba vya migomba na kahawa vimekaa juu ya mteremko mkali, na njia hupanda hadi msituni. Kutoka Kilema ndiko wageni huruhusiwa kuupanda Mlima Kilimanjaro kwa baiskeli, kuelekea kambi ya Horombo iliyo mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Katika mteremko kama huo ndipo thamani ya baiskeli nyepesi ya umeme huonekana, na ndipo pia udhaifu wake hufichuka.

Sisi wa visiwani, ambao ardhi yetu haina mlima, tusidhani kuwa jambo hili halituhusu. Vyombo vya umeme vya magurudumu mawili vinaingia nchini, na kwetu pia vitazidi. Kilema inaweza kutupa somo kabla hatujatumia fedha nyingi.

Na tuanze na hesabu. Baiskeli hizi nyepesi, ambazo aghalabu hazifiki kilo 20, nyingi hubeba betri ya wati 360 kwa saa moja, au karibu na hapo. Mpandaji, baiskeli na mzigo wake wakifikia kilo 100, kuwainua mita 1,800 kwataka nguvu ya wati 490 kwa saa moja, kabla ya kuhesabu inayopotea katika mota, tope na mawe. Kwa hiyo mota ni msaidizi wa miguu, wala si badala yake. Anayedhani amenunua pikipiki ataishia njiani. Baridi ya mlimani nayo huipunguzia betri nguvu, na kuichaji ikiwa imeganda huiharibu kabisa.

Kuijaza betri hiyo nyumbani hakufikii nusu ya uniti moja ya umeme. Gharama kubwa, basi, haimo katika umeme. Imo katika matunzo. Nguvu ya mota huulisha mnyororo upesi, na mnyororo uliolika usipobadilishwa mapema huziharibu gia zote. Mteremko mrefu humaliza breki. Anayeiosha kwa maji ya kasi hupenyeza maji na mchanga ndani ya mota na beringi. Betri iliyoachwa tupu kwa miezi, au iliyowekwa juani, hufa kabla ya wakati wake. Na chaja isiyo yake yaweza kuwasha moto ndani ya nyumba. Kwetu pwani huongezeka adui mwingine, nayo ni chumvi ya bahari, ambayo huila mishipi ya umeme na vichwa vyake kimya kimya.

Hayo yote yanatengenezeka, ila kwa fundi aliyefundishwa na kwa vipuri vilivyopo. Wazee wetu hawajasahau miaka ya mwanzo ya 1980, magari na matrekta yalipolala kwa kukosa vipuri. Wala Unguja haijasahau miezi mitatu ya giza, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, ilipokatika njia ya umeme utokao Bara. Mara zote mbili tulijifunza kwamba kukipata chombo ni jambo moja, na kukidumisha ni jambo jingine.

Kwa hivyo tunatoa rai kwa wakuu wanaohusika wa pande zote mbili za Muungano. Kwanza, VETA huko Bara na Mamlaka ya Mafunzo ya Amali hapa Zanzibar wawafundishe vijana ufundi wa mota na betri za vyombo hivi. Kijana wa Kilema anayewaongoza wageni mlimani asibaki kuwa mpangishwa wa baiskeli asiyoweza kuifungua. Na fundi wa Vitongoji au Mkokotoni, ambaye leo huziba pancha, apewe nafasi ya kupanda daraja. Pili, mwenye kuleta vyombo hivi nchini atakiwe kuweka vipuri, kutoa maelezo ya matunzo kwa Kiswahili, na kuzipokea betri zilizokwisha, zisije zikatupwa mashambani au baharini. Tatu, ofisi yoyote ya umma itakayovinunua iweke fungu la matengenezo katika makisio yake tangu mwaka wa kwanza.

Kwa mwananchi anayetaka kununua, ushauri wetu ni mfupi. Kabla ya kuuliza bei, auliza fundi yuko wapi, na betri nyingine inapatikana kwa fedha ngapi. Asipopata jibu la maana, fedha zake na zikae mfukoni kwanza.

Hatuvipingi vyombo vipya. Baiskeli isiyonywa mafuta na isiyo na moshi ni neema kwa mlima na kwa visiwa sawasawa. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa jambo hili unaonekana tangu sasa.