Wanaohamia Kijenge si Wahuni

Wapo wasemao kwamba kijana aachaye shamba na kuja Kijenge ni mhuni akimbiaye kazi. Maneno hayo si ya haki. Katika miteremko ya Mlima Meru, kihamba cha babu kimegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hata fungu la mmoja halitoshi kulisha nyumba. Kijana huyo hakulikimbia jembe. Amekosa pa kulima.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha. Ile ya 2022 ikahesabu 617,631. Kuwafukuza wageni si dawa. Mwaka 1983, katika kampeni ya Nguvu Kazi, wasio na kazi walikamatwa mijini na kupelekwa vijijini. Wengi walirudi, kwa kuwa shida iliyowaleta ilikuwa pale pale.

Ndugu wananchi, yatupasa kutenda mawili kwa pamoja: vijijini ziwepo kazi nyingine pamoja na kilimo, na mjini vipatikane viwanja vilivyopimwa, maji na masoko kabla nyumba hazijabanana. Abebaye zege Kijenge mchana kutwa ni mfanyakazi mwenzetu. Haki yake ni haki yetu.