Si kila kifo cha ghafla ni karuho

Wandugu, kijana mmoja wa Kadutu, miaka 29, alianguka asubuhi akifunga viatu, akafa mbele ya kufika hopitali. Saa sita haijafika, WhatsApp ya mtaa ilikuwa imeshakata kesi: karuho. Na mwenye kumpa alijulikana pia, rafiki waliyekunywa naye bia usiku ule. Nyumba ya mama yake ikapigwa mawe. Yeye polisi walimfunga, na kweli kufungwa ndiyo kulimponyesha.

Kilichomtoa gerezani ni otopsi. Parke iliomba, familia ikakubali shingo upande. Munganga alikuta mfuko unaofunika moyo umejaa damu, na kwenye moyo, upande wa kuume, uvimbe uliopasuka. Vipande vilitumwa nje ya nchi. Jibu: angiosarkoma, kansa ya mishipa ya damu, iliyoanzia ndani ya moyo. Ni ya nadra hata Ulaya. Damu ikijaa kwenye ule mfuko, moyo unakosa nafasi ya kufunguka, unasimama. Hakuna bia inafanya vile.

Miezi mitatu alikuwa analalamika pumzi fupi. Akatibiwa malaria, kisha dawa za kifua kikuu. Waganga siwalaumu sana, huku kwetu maji kwenye moyo mara nyingi ni TB kweli. Lakini ekografi ya moyo ingeweza kuonyesha ile nyama, nayo inalipwa mbele, tena kwa dola. Pengine asingepona, kansa ile inaua hata waliopasuliwa mapema. Ila mtu asingepigiwa mama yake mawe.

Wafu wengi hawapati otopsi, tunawazika pamoja na mashaka yetu. Mwaka 2021, hapa Kivu ya Kusini, wanawake walichomwa kwa kutajwa wachawi na watu wanaojiita manabii. Nani aliwahi kutuambia wale wagonjwa "waliologwa" waliugua nini?

Viongozi wetu waliahidi Abuja, 2001, asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Tuanze na kidogo: labo moja ya kupima nyama za mwili katika jimbo, otopsi ya bure kwa kila kijana anayekufa ghafla, na parke itangaze jibu mtaani kwa sauti kubwa kama ile iliyotumika kushitaki. Nasi, admin wa magrupu, tufute ujumbe wa "amepewa" mpaka jibu lifike. La huyu kijana lilichukua wiki saba.