Ubongo Si Akili: Tuzisome kwa Makini Picha za Uzee

Mwanafunzi mpenzi, lugha unayojifunza imekupa maneno mawili yenye faida kubwa: ubongo na akili. Ubongo ni kiungo cha mwili kilichohifadhiwa ndani ya fuvu; waweza kupigwa picha na kupimwa ujazo wake. Akili hujulikana kwa kazi zake: kukumbuka, kupanga, kuhesabu chenji sokoni, kumtambua mjukuu aliyekuja likizo. Nakuomba uishike tofauti hiyo, kwa maana siku hizi habari nyingi za uzee wenye afya huja zikiwa na picha ya ubongo iliyopakwa rangi nzuri, na watu wazima wenye elimu zao huiona picha hiyo wakadhani wameiona akili.

Tuutazame utafiti mmoja mashuhuri. Mwaka 2011 Kirk Erickson, Arthur Kramer na wenzao wa Marekani walitangaza matokeo ya jaribio lililohusisha wazee 120 ambao hawakuwa na mazoea ya mazoezi. Waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja lilitembea kwa mwendo wa kutoa jasho, hadi dakika 40, mara tatu kwa wiki. La pili lilifanya mazoezi mepesi ya kunyoosha viungo. Wote walipigwa picha kwa mashine ya MRI mwanzoni, katikati na mwishoni mwa mwaka. Watafiti walilenga hasa hipokampasi, sehemu ndogo ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, ambayo kwa kawaida husinyaa kadiri umri unavyosonga. (Jina lake ni la Kigiriki, na maana yake ni farasi wa baharini, kwa sababu ya umbo lake.) Kwa waliotembea, hipokampasi iliongezeka takribani asilimia 2, kwa wengine ilipungua kama asilimia 1.4.

Habari hiyo ilienea haraka, nami naikubali kuwa ni habari njema. Lakini wachache waliosoma hadi mwisho waliona jambo lingine: katika kipimo cha kumbukumbu makundi yote mawili yalipata nafuu, na waliotembea hawakuwapita wenzao kwa kiasi cha kuthibitika. Ubongo ulitofautiana, akili, kwa kipimo kile, haikutofautiana.

Sasa elekea Finland uone kinyume chake. Jaribio liitwalo FINGER, lililoongozwa na Miia Kivipelto, liliwafuata watu 1,260 wenye umri kati ya miaka 60 na 77 kwa muda wa miaka miwili. Kundi moja lilipewa mwongozo wa chakula, mazoezi ya mwili, mazoezi ya akili na uangalizi wa shinikizo la damu. Jingine lilipewa ushauri wa kawaida wa afya. Matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha kuwa kundi la kwanza lilifanya vizuri zaidi katika vipimo vya kufikiri. Baadaye picha za MRI za baadhi ya washiriki zilipochambuliwa, hapakuonekana tofauti ya maana katika ujazo wa ubongo. Je, tungewaambia wazee wale kwamba nafuu yao ni ya uongo kwa kuwa haikuonekana kwenye picha?

Ili uelewe kwa nini picha hizi si rahisi kusomwa, fahamu zinavyopatikana. MRI haitumii mionzi ya eksirei. Hutumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio, ikisikiliza, kwa kusema hivyo, mwitikio wa maji yaliyomo mwilini. Kompyuta huigawa picha katika vijichemraba, mara nyingi vya milimita moja kila upande, kisha programu huamua kila kimoja ni cha sehemu gani, na kuvihesabu. Asilimia 2 ya hipokampasi haizidi ujazo wa punje chache za mchele. Mtu akitikisa kichwa ndani ya mashine, picha hufifia, na programu huweza kuuona ubongo wake kuwa mdogo kuliko ulivyo. Na ni nani hutikisika zaidi, kijana au mzee mwenye maumivu ya mgongo?

Kuna pia kisa cha samaki, ambacho hunichekesha kila nikisimulia darasani. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walimweka samaki aina ya samoni, aliyekufa, ndani ya mashine ya MRI, wakamwonyesha picha za binadamu. Uchambuzi uliofanywa bila kusahihisha wingi wa hesabu ulionyesha kwamba sehemu ya ubongo wa samaki yule ilikuwa ikifanya kazi! Walikusudia kuonya: ukipima vijichemraba maelfu kwa maelfu, baadhi vitang'aa kwa bahati tu.

Sisemi mashine hizi ziachwe. Katika utafiti wa Marekani uitwao SPRINT, wagonjwa ambao shinikizo lao la damu lililengwa kushushwa chini ya 120 walipata ongezeko dogo zaidi la mabaka meupe yanayohusishwa na madhara ya mishipa midogo ya ubongo, kuliko wale ambao lengo lao lilikuwa chini ya 140. Bila picha tusingeliona hilo. Hata hapo, ubongo wa kundi lile la kwanza ulipungua ujazo kidogo zaidi, na wataalamu hawakupata maelezo mepesi. Maoni yangu ni kwamba picha iitwe shahidi, na hukumu itolewe kwa kutazama maisha ya mzee mwenyewe: je, bado anajipikia, anakumbuka dawa zake, anaijua njia ya kurudi nyumbani?

Jambo la mwisho lakuhusu wewe hasa. Picha nyingi zinazotumiwa kuifundisha kompyuta ubongo wa mzee unavyopaswa kuwa zimetoka Ulaya na Amerika Kaskazini. Wazee wetu wa Afrika Mashariki wamo kwa uchache mno, ilhali shinikizo la damu limewaenea. Natamani waingie, lakini waingie kwa ridhaa ya kweli, si kwa kutia dole gumba kwenye fomu wasiyoielewa. Siku hiyo atahitajika mtu wa kumsomea mzee fomu kwa Kiswahili fasaha na kwa heshima, na huenda ukawa wewe. Jiandae kwa maswali yake: "Mwanangu, picha hii itakaa kwa nani? Na wakiona uvimbe humo ndani, nani atakuja kuniambia?"